Mwongozo kamili: kongamano lako la kwanza la wanamazingaombwe, Blackpool

Nawajua watu watatu waliokwenda Blackpool kwa nyakati tofauti, wawili wa Dar na mmoja wa Mombasa. Wote walirudi na hadithi moja: begi limejaa vifaa, mfuko umetoboka, na simu haina hata namba moja mpya. Wa nne ni mimi. Safari ya kwanza niliharibu vilevile, ya pili ndiyo nikaelewa kinachoendelea kule.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya mazingaombwe harusini, kwenye besdei au mashuleni, na sasa ameamua kuweka akiba aende kuwaona wenzake. Kongamano lenyewe huandaliwa na Blackpool Magicians' Club kila Februari, Ijumaa hadi Jumapili, katika jengo la Winter Gardens, kwenye mji wa Blackpool ulio pwani ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Huhudhuriwa na maelfu ya watu wa fani. Ukienda kwingine, tuseme Las Vegas au kwenye mashindano ya dunia ya FISM (shirikisho la kimataifa la vyama vya wanamazingaombwe) yanayofanyika kila baada ya miaka mitatu, hatua nyingi hapa zitakufaa. Acha tu habari za viza na baridi.

## Vitu vya kuandaa

- Pasipoti, viza na risiti ya kujisajili. Chapisha nakala ya karatasi, usitegemee simu.
- Pakiti nne za karata, mbili zikiwa hazijafunguliwa.
- Sarafu unazozifanyia kazi, pamoja na sarafu kumi hivi za nyumbani za kugawa.
- Daftari dogo na kalamu mbili.
- Koti zito, soksi nzito na glavu. Glavu ni kifaa cha kazi, nitaeleza.
- Krimu ya mikono.
- Kadi ndogo zenye jina lako, mji wako, barua pepe na namba ya WhatsApp.
- Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Utasimama saa nyingi kuliko utakazokaa.
- Mazingaombwe matatu unayoyajua mpaka usingizini.

Hicho cha mwisho ndicho wengi wanachokisahau, na ndicho pekee kisichouzwa dukani.

## Hatua ya 1: Jisajili, kisha viza

Nunua nafasi yako kwenye tovuti ya waandaaji wenyewe, mapema. Risiti hiyo ndiyo inayoonyesha una sababu ya safari.

Mtanzania na Mkenya wote wanahitaji viza ya mgeni wa kawaida. Maombi hufanyika mtandaoni, na hayapokelewi kabla ya miezi mitatu kuelekea tarehe ya safari. Ukishajaza unakwenda kutoa alama za vidole na picha, na kwa kawaida jibu hutoka ndani ya wiki tatu. Kwa hiyo kwa kongamano la Februari, Novemba uwe umeshakusanya karatasi zako zote.

Watu wetu hukwama kwenye kipato. Mwajiriwa ana barua ya mwajiri na hati ya mshahara, imekwisha. Wewe unalipwa laki mbili Jumamosi hii, halafu wiki tatu kimya. Kwa hiyo kusanya ushahidi wa miezi sita: taarifa ya benki, taarifa ya pesa za simu, namba ya mlipa kodi, mikataba ya shughuli ulizofanya, hata mabango yenye jina lako. Tena usimwombe shemeji akuwekee milioni tano kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba ili ionekane imenona. Pesa iliyoingia ghafla bila maelezo inakuharibia zaidi ya akaunti nyembamba yenye mwenendo unaoeleweka.

Kwenye barua ya maelezo andika kazi yako waziwazi: mburudishaji, mwanamazingaombwe. Nataja hili kwa sababu kijana mmoja aliandika barua kwa Kiswahili, akaipeleka kutafsiriwa, na ikarudi ikimwita mchawi. Soma kila karatasi kabla hujaituma.

Tahadhari: viza hii inakuruhusu kuhudhuria mkutano. Usiende nayo kutafuta shughuli za kulipwa. Ukiambiwa kuna besdei Manchester Jumatatu, kwa bahasha, shukuru na ukatae.

Utajua umefaulu: viza imetoka na bado una wiki tatu au zaidi za kutafuta tiketi. Kutoka Dar au Nairobi unafika Manchester kwa kubadilisha ndege mara moja, Doha, Dubai au Istanbul. Kutoka Manchester, treni ya kwenda kituo cha Blackpool North inachukua saa moja na dakika kadhaa. Ukishuka, Winter Gardens ni mwendo wa miguu wa dakika kumi hivi.

Malazi yasikusumbue. Blackpool ni mji wa watalii wa kiangazi, wenye hoteli ndogondogo kila mtaa. Chukua iliyo karibu na Winter Gardens hata ikizidi kidogo bei, maana utarudi saa nane usiku kwa miguu, na upepo wa bahari ya kule si ule wa Coco Beach.

## Hatua ya 2: Andaa mazingaombwe matatu

Kule salamu ni moja. Mtu anaangalia beji yako, anauliza umetoka wapi, halafu anasema: "Nionyeshe kitu." Huo si mtihani. Ndivyo watu wa fani wanavyopeana mikono.

Unahitaji matatu, kila moja na kazi yake.

La kwanza: la kusimama, bila meza, dakika mbili. Hili utalifanya koridoni, kwenye foleni ya chai na ngazini. Kama linahitaji kitambaa mezani au mtu akae kushoto kwako, halifai.

La pili: la mezani, dakika nne au tano. Hili ni la usiku. Hapa onyesha mikono yako inaweza nini.

La tatu: la kwenu. Usinielewe vibaya, sisemi uvae manyoya na shanga ujifanye mganga. Wapo wazungu watakaotaka uwe hivyo, na ukishaingia kwenye kundi hilo hutoki. Nasema kitu chenye maneno yako na vifaa vya nyumbani. Mimi nilibeba sarafu za Kenya zilizotoka 2018, ambazo shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba na ishirini ina tembo. Zinageuka zenyewe kuwa hadithi: simba anapotea mkono huu, anaonekana kule alikokuwa tembo. Sarafu ya Tanzania ya shilingi 500 yenye nyati nayo inafaa. Mbinu niliyotumia ni ya zamani, kila mtu pale chumbani aliijua. Lakini hakuna aliyewahi kumuona simba akihama.

Wengi huko hufanya mazoezi kwa nusu dola ya Marekani, yenye upana wa milimita 30.6. Sarafu zetu ni ndogo kuliko hiyo na zinafichika vingine kiganjani. Usibadilishe sarafu wiki ya mwisho ili ufanane nao. Nenda na ile mikono yako inayoijua.

Yote matatu yaandalie maneno ya Kiingereza, mafupi. Usitafsiri vichekesho vyako vya harusini, havivuki bahari. Ukichekesha kwa kunyamaza na kuinua nyusi, umeokoka.

Halafu zoezi ambalo wenzangu walinicheka nilipowaambia. Jaza beseni maji na barafu, tumbukiza mikono dakika moja, ifute, kisha fanya lile la kwanza. Februari Blackpool joto hucheza kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri. Vidole vinakauka, vinakuwa kama vya mtu mwingine. Kuinua karata mbili kama moja, kitu unachokifanya nyumbani huku unaongea na simu, ghafla zinatoka tatu. Ndiyo maana nikasema glavu ni kifaa cha kazi: vaa njiani, ukiingia ndani paka krimu kidogo, subiri ikauke, ndipo ushike karata.

Utajua umefaulu: unafanya yote matatu mbele ya mtoto wa darasa la tano, na haulizi swali mpaka umemaliza. Watoto wa darasa la tano hawana adabu ya kujifanya hawajaona.

## Hatua ya 3: Funga mizigo kwa akili

Karata, sarafu na kamba beba mkononi, begi kubwa likichelewa usibaki yatima. Sarafu nyingi ziweke kwenye mfuko mmoja unaotoka kirahisi, maana kwenye mashine ya ukaguzi zinaonekana donge jeusi na utaombwa ulifungue.

Tahadhari kubwa: ile karatasi inayolipuka mwako na kutoweka bila jivu haipandi ndege. Si mkononi, si kwenye begi la chini. Imetengenezwa kwa selulosi ya naitreti na inahesabiwa mali ya hatari. Kwenda na kurudi ni hivyohivyo, kwa hiyo usinunue kule ukidhani utaipenyeza. Sumaku zenye nguvu nazo uliza shirika lako la ndege kwanza.

Kama mkaguzi atakuuliza kazi yako, jibu. Na akikuambia "hebu onyesha," lile la kwanza si liko tayari?

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza, jifunze jengo

Winter Gardens si ukumbi mmoja. Kuna Opera House, kuna Empress Ballroom, kuna Spanish Hall, kuna Pavilion, na vijia kati yao vinavyokurudisha ulikotoka. Fika mapema Ijumaa, chukua beji, kisha zunguka jengo lote mara moja bila kuingia kokote. Nusu saa hiyo itakuokoa, maana vipindi viwili vya maana huwa vinagongana, na anayejua njia ya mkato ndiye anayepata kiti.

Ukishazunguka, keti na ratiba na kalamu. Kila siku chagua mihadhara miwili, onyesho moja na saa moja ya kuzunguka kwa wauzaji. Muda unaobaki uache wazi. Najua inauma, umelipia vyote. Lakini mtu anayekimbia kutoka mhadhara hadi mhadhara anaona migongo ya watu siku tatu nzima.

Usishindane mwaka wa kwanza. Kaa kwenye viti uangalie wanaoshindana, hasa wanaoharibu. Angalia mtu anafanya nini sekunde ile karata inapoanguka.

## Hatua ya 5: Kwenye mhadhara

Weka simu mfukoni. Kurekodi mtu anayefundisha mbinu zake ni wizi, na huna haja ya kuambiwa na mlinzi. Andika, na hasa chora: mkono wa kushoto uko wapi, kidole gumba kinaelekea wapi, anaangalia wapi anapofanya jambo lenyewe. Maneno utayasahau ndani ya ndege, mchoro hata mbaya utakukumbusha.

Mwisho wa mhadhara, mhadhiri huuza kijitabu cha aliyofundisha. Kama umependa vitu viwili kati ya alivyoonyesha, kinunue. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko zote jengoni.

Ukitaka kumsogelea mhadhiri, usimwulize "ile uliifanyaje?" Mwulize ilimchukua muda gani kuizoea, au alianza kuifanyia wapi. Atakueleza mengi kuliko ulivyotarajia, na kwa moyo mweupe. Watakuita kwa jina la kwanza na kutaka uwaite hivyohivyo, hata mzee wa miaka themanini. Kwetu tuliolelewa kwa shikamoo inasumbua ulimi. Siku ya pili utazoea.

## Hatua ya 6: Ukumbi wa wauzaji

Hapa ndipo tunapochinjwa.

Meza baada ya meza, na nyuma ya kila meza mtu anayefanya kitu kimoja mara mia tatu kwa siku, kwa pembe moja, chini ya taa aliyoichagua mwenyewe. Lazima kikuvutie. Swali ni kitafanya nini Mbagala, chini ya turubai, watoto wamekuzunguka mpaka mgongoni.

Safari yangu ya kwanza nilinunua karata za kutaja herufi. Mtu anachagua karata, unataja jina lake herufi kwa herufi huku ukiweka karata moja moja mezani, na ya mwisho ndiyo yake. Mbele ya muuzaji nilipiga kofi. Nyumbani nikakaa mezani na mke wangu, akachagua ree ya pau. Kwa Kiingereza majina ya karata zote yana herufi kati ya 10 na 15, na ujanja mzima umejengwa juu ya hesabu hiyo. Ree ya pau, kwa Kiswahili, ina herufi nane. Nikafika mwisho wa jina nikiwa bado niko mbali na karata yake. Mke wangu akasubiri kwa heshima, kisha akauliza kama chai iletwe.

Siku hizi nauliza maswali manne, kwa sauti, kabla ya kugusa pochi:

1. Naweza kuona ukifanya nikiwa nimesimama pembeni yako? Akikataa, umepata jibu kuhusu pembe.
2. Kuiandaa upya inachukua muda gani? Ikizidi dakika moja, kwenye harusi ya meza arobaini haikufai.
3. Kuna kinachoisha? Uzi, betri ya ajabu, karatasi maalumu. Ukikosa kukipata Kariakoo, umenunua onyesho moja.
4. Inategemea lugha, noti au sarafu ya Kiingereza?

Kisha kanuni ya usiku mmoja: Ijumaa usinunue chochote, andika tu. Jumamosi rudi kwenye ulivyoandika. Vingi utashangaa kwa nini viliandikwa. Kinachobaki nunua, na kabla hujaondoka mwombe muuzaji akueleze sehemu ngumu pale pale mezani. Wengi ni waigizaji wenyewe na hufurahia kufundisha.

Utajua umefaulu: umetoka na vitu visivyozidi vitatu, na kila kimoja unaweza kutaja shughuli utakayokitumia kwanza.

## Hatua ya 7: Usiku, na usilale mapema

Onyesho kuu likiisha, mgeni huenda hotelini. Mwenyeji huenda kwenye baa. Kwa miaka mingi mahali pa kukutania ni Ruskin Hotel, jirani na Winter Gardens. Usiku wa Jumamosi kila meza pale ina karata, na waliokuwa jukwaani mchana wanakaa bega kwa bega na wanafunzi.

Kama hunywi pombe, agiza soda, hakuna anayejali glasi ina nini. Kwa Waislamu: Februari ya 2027 na ya 2028 zinaangukia Ramadhani. Futari panga wapi utaipatia, kisha njoo. Meza zinaanza kuchangamka saa nne usiku.

Namna ya kuingia kwenye meza ni hii. Simama nyuma, angalia mpaka mtu amalize. Usiongee katikati. Akimaliza, sema kitu kimoja cha kweli kuhusu ulichokiona. Watakusogezea kiti. Kaa na mikono yako itulie mpaka uombwe. Ukiombwa, fanya moja tu, kisha rudisha zamu.

Usiseme "naijua hiyo" hata kama unaijua tangu darasa la saba. Na ukifanya kitu ulichofundishwa na mtu, mtaje. Kwa watu hawa deni la kutotaja mwalimu halifutiki upesi.

Usiku wangu wa maana ulikuwa meza ya kona. Mzee mmoja, mikono inamtetemeka kiasi cha kumwaga chai, akachukua sarafu yangu ya simba. Aliitazama muda mrefu, akaigeuza, akauliza simba huyu anakula nini. Nikaanza kujibu. Nilipomaliza sentensi sarafu haikuwepo, na ule mtetemo haukuwa umesimama hata nukta moja. Alikuwa ameifanya kazi yote ndani ya mtetemo. Baadaye alinirudishia taratibu, mara nne, mpaka nikaona. Somo hilo halikuwa kwenye ratiba yoyote.

Hata kile kisa maarufu kuliko vyote vya fani hii hakikutokea jukwaani. Mwaka 1922 mjini Chicago, Dai Vernon, fundi wa karata, alimfanyia Houdini, yule maarufu wa kujifungua minyororo, mazingaombwe ya karata moja, karibukaribu naye, tena na tena. Houdini, aliyekuwa akijigamba kwamba akionyeshwa kitu mara tatu lazima akijue, alishindwa.

Utajua umefaulu: kabla ya saa nane usiku umefundisha kitu kimoja na kufundishwa kimoja, na kadi zako ndogo zimepungua.

## Hatua ya 8: Ukirudi

Siku mbili za kwanza, kabla hujafungua begi, fungua daftari. Safisha michoro ukiwa bado unakumbuka.

Ndani ya wiki moja waandikie watu wote uliopewa mawasiliano yao, mistari mitatu kila mmoja, ukitaja mlichofanya pamoja. "Tulikutana Blackpool" haitoshi, walikutana na mamia. "Mimi ndiye wa sarafu ya tembo" inatosha.

Katika vifaa vyako chagua kimoja, ukifanyie kazi mwezi mzima, kisha kipeleke kwenye shughuli ndogo isiyo na kamera. Ambacho hujakigusa hadi Juni, mwuzie mwenzako kwa bei uliyonunulia. Karata zangu za herufi zilipata mnunuzi, mwalimu wa Kiingereza wa Morogoro. Anasema darasani zinafanya kazi vizuri sana.